Mazoezi ya Baridi

Mume wangu aliamua kwenda kuwinda elki kwa upinde wakati daktari alikuwa ameshamkataza kubeba hata mfuko wa saruji. Sijui nianzie wapi kukasirika, kwa hiyo nitaanza na mnyama mwenyewe. Elki ni jamii ya kulungu, ila ana mwili wa ng'ombe wa maziwa, na hukaa kwenye milima ya magharibi ambayo sisi wa Garland, Texas, tunaiona kwenye kalenda tu. Kumwinda kunataka kibali, na kibali chenyewe hupatikana kwa kura. Miaka minne mume wangu aliomba akakosa. Mwaka wa tano jina lake likatoka: Arizona, upinde peke yake, mwisho wa msimu, Novemba.

Yeye ndiye aliyenieleza maana ya mwisho wa msimu. Septemba madume huwalilia majike, na ukijua kuigiza mlio wao wanakuja wenyewe mpaka karibu. Novemba hamu imewaisha. Wanapanda juu kwenye theluji, wananyamaza, na ukiwaita hawaitiki. Mwindaji anakaa chini ya mti asubuhi nzima bila kujitikisa, akingoja mmoja apite hatua arobaini mbele yake, halafu avute upinde kwa mikono iliyokufa ganzi.

"Hapo ndipo watu wengi wanafeli, mama," aliniambia. "Elki anasimama pale, na mtu hawezi ku-feel kidole."

Alisema hivyo akitazama vidole vyake mwenyewe. Mimi nilikuwa nakoroga uji, nikaona ni maneno tu.

Mimi ni nesi. Nafanya zamu ya usiku kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo, mwaka wa kumi na moja sasa, na nina hasira za karibu. Atakayekwambia vingine hanijui. Miaka miwili kabla ya kibali hicho, mshipa mmoja wa moyo wa mume wangu uliziba, akawekewa kibomba cha waya cha kuushikilia uwe wazi. Akiwa bado kitandani aliniapisha nisimwambie mtu. Kanisani tukasema ni kichomi. Wakaja na machungwa na maua, wakaombea mapafu yake, na mimi nikasema amina. Wanaume wetu huku wanaogopa kujulikana ni wagonjwa kuliko wanavyouogopa ugonjwa. Watu wakisikia moyo wako ni mbovu, kazini hupewi zamu za ziada, na kwenye sherehe unaletewa kiti wenzako wakiwa wamesimama. Sikuipenda siri hiyo, lakini kutunza siri za watu nimekuzoea.

Maana kanisani ndiko iliko kazi yangu ya pili. Kila Jumapili baada ya ibada nakaa kwenye meza iliyo karibu na birika la chai, natoa kipimo changu cha presha, na watu wanapanga foleni. Wengi hawajamwona daktari mwaka mzima; kwa nini waende wakati sista yupo? Nazijua presha zao, sukari zao, na vidonge wanavyoficha chini ya kiti cha gari. Mume wangu hakuwahi kupanga foleni ile. Mume wa nesi apimwe ya nini mbele ya watu?

Kati ya vidonge vinne alivyoandikiwa, kimoja ni cha kutuliza mapigo ya moyo. Ni dawa nzuri, ila kwa watu wengine inaleta mikono baridi, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Kabla ya ugonjwa alikuwa na desturi ambayo sikumwambia mtu, kwa sababu rafiki zangu wangeniona naringa. Nikirudi asubuhi kutoka zamu, alikuwa ananikalisha kwenye kochi, ananivua viatu, na kunikanda miguu mpaka nisinzie. Dawa ilipoanza, vidole vyake vikawa vya barafu. Mara mbili tatu niliruka nikicheka, mara ya nne sikucheka, na yeye akaacha. Hatukuwahi kulizungumzia. Miaka miwili nilivua viatu vyangu mwenyewe.

Kidonge hicho kina sharti moja ambalo wagonjwa wangu nawaambia mara mbili mbili: usikiache ghafla. Moyo uliozoea kushikiliwa, ukiachiliwa kwa mara moja hukimbia, na moyo wenye kibomba haufai kukimbizwa.

Maandalizi yalianza Agosti, joto la Texas likiwa bado linayeyusha lami. Upinde wake si ule wa kijiti na kamba tuliouona utotoni. Ni chombo cha chuma chenye kapi mbili, na kamba yake huivuti kwa vidole. Unafunga kiganjani kifyatulio chenye ulimi mdogo, unaugusa, mshale unakwenda. Nyuma ya nyumba aliweka boksi gumu la sponji, akawa analilenga kila asubuhi. Gari la mizigo la jirani likipita hakugeuka. Jioni za siku asizokwenda kazini alijaza mkoba mchele kilo ishirini na tano, akapanda na kushuka ngazi za jengo la kuegesha magari, kwa kuwa Garland haina hata kilima cha kumchosha mbuzi.

Halafu ikaja habari ya harufu. Elki ananusa mtu kutoka mbali sana, kwa hiyo mume wangu akanunua sabuni isiyo na harufu. Akafua nayo nguo za safari, akazifungia kwenye boksi la plastiki pamoja na udongo na matawi ya msonobari. Baadaye akaanza kuogea sabuni hiyo hiyo. Akaacha manukato, akaacha mafuta ya kujipaka. Kufikia Oktoba nilikuwa nikilala mchana kwenye mto wake bila kusikia kwamba kuna mtu aliwahi kuulalia. Nilimwambia anaondoka nyumbani kidogo kidogo. Akacheka, akasema elki watamkosa hivyo hivyo.

Baridi ndiyo iliyomsumbua. Atajizoeza wapi baridi katika mji huu? Jibu lilikuwa kazini kwake. Ghala lao linahifadhi samaki na nyama, na ndani yake kuna friza kubwa unaloweza kuingiza lori, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Wakati wa mapumziko alikuwa anaingia humo na raba ya mazoezi iliyofungwa kifyatulio, anakaa juu ya kreti kama yuko mlimani, hatikisiki. Nje alisimama rafiki yake, Mrundi mmoja mpole anayeendesha mashine ya kunyanyua mizigo, aliyekulia kambini Kigoma, ambaye ndiye angesafiri naye. Yeye alifunga mlango na kushika saa. Zikifika dakika ishirini, anafungua na kumwambia vuta. Mume wangu anavuta ile raba na kugusa ulimi.

Yule rafiki alikuja nyumbani siku moja kuchukua hema. Nilikuwa jikoni nikisukuma chapati.

"Shemeji," aliniuliza, "huyu bwana ana afya ya kutosha? Kule juu hewa ni nyepesi. Na mimi sijui kumbeba mtu mlimani."

"Ana afya kuliko wewe," nilimjibu. "Wewe ndiye ujichunge na hicho kitambi."

Akacheka, akashika tumbo lake. Nilijiona mjanja.

Jumapili moja ya Oktoba, dereva mmoja wa malori alikaa mezani kwangu akaninyooshea mikono kabla sijamfunga kipimo. "Sista, hii mikono yangu imekuwa ya maiti. Hata usukani siufeel vizuri." Nikamwuliza dawa anazomeza, akanionyesha picha kwenye simu. Nikamweleza kwa sauti ile ninayoitumia nikijua ninachosema: ni kidonge hiki, kinapunguza damu ya kwenye vidole, akimwacha daktari akibadilishe mikono itarudi kuwa na joto. Nikaongeza sharti langu, usikiache ghafla, lakini dereva alikuwa ameshaanza kumsimulia mwenzake, na hilo la mwisho nililisema nikiwa nimeinamia kipimo. Mume wangu alikuwa kwenye birika, amenipa mgongo, anajimiminia chai.

Jumanne iliyofuata nilirudi kutoka zamu, nikakaa kwenye kochi. Akaja, akapiga magoti, akanivua viatu. Mikono yake ilikuwa na joto.

Nataka niseme ukweli kuhusu asubuhi hiyo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Sikumwuliza joto hilo limetoka wapi. Nilijiambia ni zile ngazi, mtu akipanda ngazi damu inatembea. Nikalala pale pale kwenye kochi. Kesho yake akafanya tena, na keshokutwa tena. Kila Jumapili nilijaza kile kisanduku chake cha vidonge chenye vyumba saba, na kila Jumapili nilikikuta kitupu, nikakijaza upya. Nilianza kuendesha gari kwa haraka nikirudi nyumbani. Na katikati ya furaha hiyo, kila nilipofika kwenye mlango wetu nilikuwa nasimama kidogo na ufunguo mkononi, nikisikiliza kama kuna mtu anatembea ndani.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, watu wa kikundi cha maombi walikuja nyumbani kumwombea msafiri, kama tunavyofanya kwa kila anayekwenda mbali. Tulikula pilau, tukasimama duara sebuleni, tukashikana mikono. Yule rafiki Mrundi alifanya ishara ya msalaba, akasimama mbele yetu. Mimi nilimshika mume wangu mkono wa kushoto.

Miaka kumi na moja ya kazi imenifanya nisiweze kushika mkono wa mtu bila vidole vyangu kutafuta mshipa. Vinakwenda vyenyewe. Mume wangu akiwa amemeza dawa yake, amesimama tu sebuleni, mapigo yake huwa hamsini na nane. Nayajua kama namba ya nyumba yetu. Kiongozi wa maombi alikuwa ameanza na milima, anaikemea. Nilitazama saa ya ukutani nikahesabu. Yalikuwa mia moja na nne kwa dakika, nikahesabu tena. Mia moja na nane. Mkono wenyewe ulikuwa na joto zuri. Wote wakasema amina. Mimi sikuweza.

Wageni walipoondoka nilimkuta gereji, anapaka nta kwenye kamba ya upinde.

"Umeacha kidonge."

Hakukataa. Nampa hilo, hajui kunidanganya uso kwa uso. "Siku chache tu," alisema. "Nikirudi naanza tena. Mama, nilikaa ndani ya lile friza nikagusa ule ulimi, sikusikia kama nimegusa. Mara tatu. Nitaendaje kule hivyo?"

"Nani alikwambia uache?"

"Wewe. Nilikusikia ukimwambia yule dereva."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema. Nilimtupia kopo la nta likagonga mlango wa gereji, nikamwita mjinga na mwuaji, nikamwuliza kama anataka watoto wetu waje kutoka mji wa Katy kumzika sikukuu ya Thanksgiving. Aliliokota lile kopo, akalifunga. Kisha akasema, polepole, kwamba miaka miwili amekuwa kama nyama ya kwenye ghala lao: haiozi, lakini hakuna anayetaka kuigusa. Hapo nilikaa chini juu ya boksi la nguo zake. Sikumwuliza hizo siku chache ni ngapi.

Tukakubaliana hivi: anaanza dawa usiku huo huo, Alhamisi anakwenda kwa daktari wake, na daktari akisema hapana, safari imekufa. Alimeza kidonge mbele yangu. Lakini asubuhi za wiki hiyo nilikuwa nikimkuta ameshatoka kwenda ngazini kwake, na kisanduku kilikuwa kitupu kama kawaida. Alhamisi, saa ambayo mimi nilikuwa navaa kwenda kazini, aliingia na kunikumbatia.

"Daktari amesema ni sawa," alisema. Alikuwa nyuma yangu, kidevu chake kwenye bega langu, na mimi sikugeuka kumwangalia.

Ijumaa asubuhi nilirudi, gari lake halipo. Hilo lilikuwa limepangwa, waondoke alfajiri. Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni simu ilipolia. Ilikuwa kliniki ya daktari wake. Binti mwenye sauti ya upole aliniuliza kama mume wangu angependa kupangiwa siku nyingine, maana jana hakufika.

Nilimpigia yule rafiki, si mume wangu.

"Shemeji, habari za asubuhi," aliitika kwa furaha. "Tumeshapita Decatur. Bwana ndiye anaendesha."

"Sauti yangu anaisikia?"

"Hapana, nimeweka sikioni."

"Basi nisikilize. Kile hakikuwa kichomi. Ulikuwa moyo, walimwekea kibomba. Ameacha dawa, na daktari hajamwona. Akipanda huo mlima anaweza kufa mikononi mwako."

Nilisikia barabara, na redio ikiimba kwa chini. 

"Shemeji," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imebadilika, "mimi ndiye niliyekuwa nafunga ule mlango. Miezi miwili. Nilikuwa nasimama pale nje na saa, nakula karanga."

"Aliniapisha."

"Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuja kwako jikoni, nikakuuliza."

Nilikaza simu sikioni. Nilimsikia akimwambia mume wangu, kwa upole, kwamba tumbo linamsokota, asimame kituo kijacho cha mafuta. Kisha simu ikakatwa.

Nilikaa na kiatu kimoja. Saa nzima ilipita kabla hajanipigia tena. Alikuwa anazungumza haraka, akihema, na nilisikia kwamba sasa yeye ndiye anaendesha. Alipomnyang'anya ufunguo, alisema, mume wangu alimjia juu, akamwita msaliti, wakabishana palepale penye pampu. Halafu akashika kifua. "Anasema ni chapati za jana zinamchoma. Kwa haki, shemeji, ningekuwa sijui ningemnunulia soda tukaendelea na safari. Tunaingia hospitali sasa hivi. Wichita Falls."

Niliendesha njia hiyo na nguo za kazi nilizotoka nazo usiku. Nilikuwa naona mbele yangu kila mgonjwa niliyewahi kumfunika uso, na sikuomba, kwa sababu sikujua ningeanza kwa kumwambia Mungu nini.

Nilipofika walikuwa wameshamaliza kazi. Mshipa mwingine, kibomba cha pili. Yule rafiki alikuwa kwenye benchi la ukumbini amevaa koti la kuwindia, rozari mkononi. Alinipisha nikae lakini hakunisalimia. Mume wangu alikuwa macho, amelala chali, mdomo mkavu. Nilimshika bega. Hakunitazama.

"Umeniuza," alisema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na ningekuuza tena."

Daktari aliingia, kijana mwenye macho ya kuchoka, akatusalimu sote wawili. Alisema moyo umeumia kidogo, si sana, wamefika kwa wakati. Kilichobaki alitaka kujua kuhusu ile dawa ya mapigo. Aliacha lini hasa? Mume wangu akalamba midomo. Alisema hakumbuki vizuri, ni siku chache, pengine wiki.

"Jumapili," nilisema mimi. "Baada ya kanisa. Leo ni siku ya ishirini na sita."

Daktari akaandika. Dawa ile huchukua kama siku mbili kutoka mwilini, na mikono ilirudi kuwa na joto Jumanne. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa kwenye kochi, asubuhi ile ile ya kwanza, kabla sijafumba macho, na niliijua kila siku iliyofuata nilipokuwa nikiweka miguu yangu mapajani mwake. Mume wangu aligeuza kichwa kwenye mto akanitazama. Hakuwahi kuniambia ni siku gani.